Anga, jiwe na histogramu: shajara ya wiki moja ya kupiga mandhari

Jumatatu, mchana, ukingoni mwa ziwa

Tumefika jua likiwa la utosi, saa ambayo wapiga picha wa mandhari huambizana waache kamera begini. Mdogo wangu hana subira hiyo. Kabla sijamaliza kulegeza mikanda ya begi langu alikwisha kupiga ziwa, mlima wa ng'ambo na anga yote juu yake, akanijia na skrini mkononi.

"Dada, mawingu yangu yako wapi? Mbona anga nyeupe pee?"

Alikuwa amesimama nyuma ya ufuko wa mawe meusi, na mawe hayo yalijaza zaidi ya nusu ya fremu yake. Mita ya kamera haijui kwamba jiwe ni jeusi. Kazi yake ni kuchukua mwanga unaoingia na kuutafutia wastani wa kijivu cha kati, kile kijivu cha kadi za kupimia kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ikikuta weusi mwingi inafungua ili weusi ufike kwenye kijivu. Mawe yakang'aa kuliko yalivyo, na anga ikapanda nayo hadi ikaungua.

Nikamwambia azungushe gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga hadi −1.5. Mawingu yakarudi, mazuri kabisa, na mawe yakawa meusi tii.

"Sasa mawe ndiyo yamepotea."

"Basi chagua."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania, ila kulikuwa na nafuu ya kuchukua kwanza: kamera yake ilikuwa inahifadhi JPEG peke yake. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14, yaani data ghafi ya sensa (bamba la kamera linalopokea mwanga), ina ngazi 16,384. Kinachoonekana cheusi kwenye skrini, ndani ya RAW mara nyingi bado kina kokoto na nyufa zake, na unaweza kukivuta juu baadaye. Kilichoungua hakina kitu. Sensa ikishajaa imejaa, hakuna programu ya kukirudisha. Ndiyo maana wa zamani waliotumia filamu ya negativu walipima vivuli kwanza, sisi wa sensa tunaanza na mawingu.

Lakini RAW haimalizi shauri, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafunzo mengi, yale yanayofundisha mwanga wiki moja na mpangilio wa picha wiki nyingine. Kwangu ni swali moja. Ukiinamisha kamera kidogo, anga ikabaki ukanda mwembamba juu, mita inatoa jibu jingine. Ukiitoa anga kabisa, mahali pale pale, dakika ile ile, tofauti kati ya kilicho cheusi zaidi na kilicho cheupe zaidi inaporomoka na hata simu inaimudu. Unaposogeza ukingo wa picha unaongeza au kupunguza mwanga, utake usitake.

Kwa hiyo mchana wote tukaipa anga mgongo. Tulipiga maji ya kina kifupi yanapogusa mawe, nyufa, mistari ya mchanga chini ya maji. Jua kali linafaa kwa vitu vidogo vyenye umbo wazi, hasa ukikusudia kuvitoa rangi na kubakiza nyeusi na nyeupe. Akapata pia kipimo cha kichwani kisichohitaji mita: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata (muda ambao mwanga unaachwa uingie) iwe moja chini ya ISO (namba ya usikivu wa sensa), yaani ISO 100 kwa sekunde 1/100. Alilinganisha na kamera yake, zikakubaliana isipokuwa pale mawe yalipojaa kwenye fremu. Hapo sasa alijua nani anadanganya.

Jioni akawasha gridi ya theluthi, mistari inayoigawa fremu mara tatu kwa urefu na kwa upana, na kuuliza kama upeo wa macho ni lazima ukae juu ya mstari. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuiandika kanuni ya theluthi kwa jina hilo ni John Thomas Smith, mchoraji wa Kiingereza, mwaka 1797. Alizungumzia uwiano wa moja kwa mbili kati ya nchi na anga, na akautanua hadi kwenye mwanga na kivuli, umbo na rangi. Watu wamebaki na mistari minne ya skrini, habari ya mwanga na kivuli wakaiacha njiani. Mimi gridi yangu naiwasha kwa sababu moja tu: kuhakikisha ziwa halimwagiki upande mmoja.

Kabla giza halijaingia tulitafuta jiwe la kesho. Kulitafuta alfajiri na tochi ni kujitesa.

Jumanne, kabla ya jua

Jiwe tulilolichagua lina ukubwa wa kiti, limetoka majini kama mita moja kutoka ukingoni, na nyuma yake, mbali sana, mlima. Lenzi ya milimita 24. Mdogo wangu alitaka kufunga tundu hadi f/22 "ili kila kitu kiwe kikali." Tundu likiwa dogo kiasi hicho mwanga unatawanyika unapopita kwenye ukingo wake, na picha nzima inalainika, pamoja na kile ulichokilenga. Kwenye sensa yangu ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 24 ikiwa f/11 na fokasi ikiwekwa karibu mita 1.8, ukali unaanza kama sentimita 90 kutoka kwenye kamera na kwenda hadi upeoni. Kwa hiyo sikulenga jiwe wala mlima. Nililenga jani lililoelea nyuma kidogo ya jiwe, nikazima fokasi ya kujiendesha ili isije ikabadili mawazo, nikazima na kitulizi cha mtikisiko kwa kuwa kamera iko kwenye tripodi, nikaweka kipima muda cha sekunde mbili ili kidole changu kisiitikise.

Kimo cha kamera kilituchukua muda mrefu kuliko vyote. Kwa kimo cha macho, jiwe lilikuwa limezama chini ya fremu na katikati pamebaki uwanja mkubwa wa maji usio na kazi. Tukashusha tripodi hadi magotini: uwanja ukafungwa, jiwe likapata ukubwa wake, ila kilele chake kikagusa mstari wa ufuko wa ng'ambo. Vitu viwili vilivyo mbalimbali vikigusana kwenye picha vinakuwa kitu kimoja, na jiwe likaonekana limeuvaa ule ufuko kichwani. Nikapandisha nguzo ya katikati kwa upana wa kiganja. Pakaonekana uzi wa maji kati ya kilele cha jiwe na ufuko, mwembamba, unaong'aa. Huo uzi ndio picha. Sentimita kumi juu au chini na haupo.

"Kumbe tripodi si ya kuzuia kutikisika tu," alisema.

Inazuia kutikisika, na inakulazimisha kuamua. Mkono unapelekwa na macho, tripodi inabaki ulipoiweka hadi uwe na sababu ya kuisogeza.

Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima lakini anga imekwisha kuwaka. Nikapima kwa doa: sehemu ya anga juu ya bega la mlima, kisha ubavu wa jiwe. Tofauti ilikuwa stopu sita (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake). Njia ya kawaida ni filta ya nusu, ile yenye giza juu na uwazi chini. Ina masharti mawili. La kwanza, mlima unaochomoza juu ya mstari wa filta unatiwa giza pamoja na anga, na kilele kinatoka kama kimeungua moto. La pili linasahaulika zaidi: taswira ya kitu majini daima ni hafifu kuliko kitu chenyewe. Ukiifunika anga kwa filta nzito hadi maji yakawa na mwanga kuliko anga inayoyamulika, mtazamaji hatajua kwa nini, lakini hataiamini picha. Nina filta ya stopu tatu na leo haikutoka begini.

Nilipiga mbili badala yake, moja ya sekunde 1/8 kwa ajili ya anga na nyingine ya sekunde moja kwa ajili ya jiwe. Tofauti yake ni stopu tatu, na zote zilifanywa kwa kasi ya shata, tundu halikuguswa, maana tundu likibadilika ukali unabadilika na picha hazitalingana. Anayeona huo ni ujanja wa siku za kompyuta amkumbuke Gustave Le Gray wa Ufaransa. Katika miaka ya 1856 na 1857 alichapa picha za bahari kutoka kwenye negativu mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, kwa sababu kemikali za wakati wake zilishtushwa mno na rangi ya buluu na anga ikawa inaungua kila mara. Tatizo ni lile lile, na jibu ni lile lile.

Kisha ukungu ukaingia, na mipango yote ikabadilika. Ukungu ni mweupe, mita inautaka uwe kijivu, kwa hiyo picha za ukungu zikiachiwa kamera hutoka za huzuni. Tukaongeza stopu moja. Mlima ukatoweka, ikabaki jiwe na mwanga bila ukingo. Nikamwambia asilie mlima, na hapo hapo uwiano wa theluthi ukawa hauna maana: hakuna upeo, hakuna mstari. Aliliweka jiwe chini kabisa, karibu katikati, na fremu iliyobaki akaijaza weupe mtupu. Nisingeliweka hapo mimi. Picha yake ni nzuri kuliko yangu.

Jua lilipopanda tulikuwa na muda mfupi. Karibu na ikweta jua linasimama wima kuelekea juu, nyuzi moja kila dakika nne, na mwanga wa dhahabu unakwisha ndani ya nusu saa. Norway mwezi wa Juni jua linateleza pembeni kwa masaa na mpiga picha anaweza kuhama vilima. Hapa, ukianza kukimbia kutafuta mpangilio mwingine, unaufikia ukiwa umechelewa. Tulibaki pale pale.

Jumatano, msituni

Mawingu tangu asubuhi. Wengi wanaona siku kama hii imeharibika. Kwa msitu ndiyo siku yenyewe. Jua likipenya kati ya majani linaangusha madoa meupe kila mahali na macho hayajui yatue wapi. Wingu linasambaza mwanga sawasawa, tofauti inapungua, unapata nafasi ya kufikiri mistari.

Shida ya msitu ni matundu ya anga. Tundu jeupe dogo kati ya matawi, kwenye kona ya juu, linavuta jicho kuliko maporomoko yote. Tulipanda mkondo tukitafuta mahali ambapo kamera inaangalia juu kidogo bila kuona anga, tukapapata kwenye bega la jiwe: maji yanaingia kutoka kona ya juu kushoto, yanavunjika mara mbili, yanatoka chini kulia. Anga sifuri.

Mita ilikuta majani ya giza na ukoka mweusi, ikataka kufungua kama ilivyofanya juzi kwa mawe. Safari hii mdogo wangu alipunguza stopu moja bila kuambiwa, akiangalia pembe ya kulia ya histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kuanzia weusi kushoto hadi weupe kulia, pale maji meupe yalipokuwa yanakaribia ukuta.

Filta ya polaraiza ilibaki kwenye lenzi siku nzima. Wengi huinunua kwa ajili ya anga ya buluu, nami naona huko ndiko inakoharibu zaidi: athari yake ni kubwa kwa nyuzi 90 kutoka kwenye jua, kwa hiyo lenzi pana inatoa anga yenye doa jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine. Msituni inafanya kazi ya kweli. Kila jani bichi lina utando wa mng'ao unaofunika kijani chake. Zungusha filta taratibu na utaona ule mng'ao unafutika, jani moja baada ya jingine, na jiwe lililolowa linaonyesha rangi yake ya kahawia. Inakula kati ya stopu moja na mbili, na kwa maji yanayokimbia hiyo ni faida.

Kuhusu maji: kwa sekunde 1/125 yalitoka kama vipande vya kioo, makali, yamekwama hewani. Kwa robo sekunde kila uzi wa maji ulionekana na mwendo wake ukabaki. Tukavaa filta nyeusi ya stopu sita, inayopunguza mwanga mara 64, tukafika sekunde kadhaa, na yakawa pamba. Najua pamba inapendwa. Kwangu inafuta mwelekeo: maji yakishakuwa pamba hayatoki popote na hayaendi popote, na ule mpangilio wa kuingia kushoto na kutoka kulia tulioutolea jasho unapotea. Kati ya robo sekunde na sekunde moja, kwa maporomoko ya ukubwa huu, panatosha. Mkondo mpana unaokwenda taratibu ungevumilia zaidi.

Upepo nao una sauti yake. Kangaga ya mbele ilitikisika katika kila picha ndefu. Tulikata shauri kuiacha nje ya fremu kuliko kungoja utulivu.

Kabla ya kubonyeza nina desturi ya kuzungusha macho kwenye kingo nne za fremu, nikianzia kona yoyote. Katikati pa picha hapana siri, ulipaangalia tangu mwanzo. Wezi wako pembeni: nusu ya kijiti, tawi lililokatwa, kona moja ya nyama nyeupe ya gome lililochubuka. Leo alikuwa ni mfuko wangu mwenyewe wa lenzi, umening'inia kwenye tripodi, unaonekana chini kulia.

Alhamisi

Mvua mpaka usiku. Tumekausha lenzi, tumechaji betri, tumesoma jedwali la mwezi. Mwezi mpevu ni Jumapili, kwa hiyo siku yetu ni Jumamosi. Nitaeleza nikifika.

Ijumaa, bondeni

Mvua imeosha hewa na safu ya vilima iliyojificha wiki nzima imetokeza. Katikati ya bonde kuna mti mmoja, na kila mwenye kamera atauendea huo mti. Nasi tuliuendea.

Mdogo wangu alisimama hatua kumi kutoka kwenye mti akiwa na lenzi ya milimita 24 na akalalamika kwamba vilima vimekuwa vichuguu. Wengi wanasema lenzi pana ndiyo inayovidogosha. Lenzi haina hatia, ni miguu. Uwiano wa mti na kilima unaamuliwa na mahali uliposimama peke yake. Lenzi inakata kipande tu. Tulirudi nyuma, mbali, mpaka mti ukawa wa ukubwa wa ukucha, nikamwekea lenzi ya milimita 135. Mti ukarudi kwenye ukubwa ule ule wa mwanzo ndani ya fremu, na vilima nyuma yake vikasimama kama ukuta.

"Vimesogea!"

Havikusogea, ni yeye aliyesogea. Alipouelewa mchezo akaanza kwenda kushoto na kulia pia, akitafuta pengo kati ya vilima viwili ambamo mti ungeweza kusimama peke yake bila kuungana na giza la nyuma. Pengo lilipatikana upande wa kushoto, penye kilima cha mbali zaidi, chenye rangi hafifu kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Mti mweusi mbele ya kilima cha buluu iliyopauka: hapo mwanga ndio uliopanga picha. Angeuweka mbele ya kilima cha karibu, weusi ungeingia weusini na mti ungekuwa hauna umbo, hata theluthi zake zikae sawa vipi.

Kuzama kwa jua kulitufunza jambo jingine. Anga ilikuwa nyekundu, histogramu yake nyeupe ilikaa vizuri, haijagusa ukuta wa kulia. Lakini kwenye picha, kuzunguka jua, pale palipokuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, palitokea baka la manjano bapa lisilo na mpito. Nikamwonyesha histogramu ya rangi tatu. Ya kijani sawa, ya buluu iko chini sana, na nyekundu imegandamana na ukuta. Ile moja nyeupe ni jumla inayoupa mwanga wa kijani uzito mkubwa, kama asilimia 59, na mwekundu kama 30, kwa hiyo nyekundu inaweza kuungua huku jumla inakutuliza. Nyekundu ikishafika ukomo na kijani kinaendelea kupanda, chungwa linageuka manjano. Tukashusha stopu moja, rangi ya chungwa ikarudi, mti ukabaki kivuli kitupu. Kwa mti kama huu, wenye matawi yaliyochongeka, kivuli kitupu ndicho nilichokitaka.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba histogramu ya kamera inachorwa kutoka kwenye JPEG hata ukipiga RAW. Inalia mapema kidogo. RAW huwa na akiba ndogo juu ya hapo, lakini sipendi kuishi kwa akiba.

Jumamosi, kilimani

Picha nyingi za mwezi juu ya mandhari zina hitilafu moja: ama mwezi ni duara jeupe lisilo na alama, ama mwezi mzuri na nchi haipo. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na dakika chache baadaye nchi imeshaingia gizani ilhali mwezi unaangazwa na jua lile lile la mchana. Hakuna sensa ya kuviunganisha. Siku moja kabla ya mwezi mpevu unachomoza mapema, kwa wastani kama dakika 50, na bado ni duara kwa macho ya mtu yeyote. Nchi ina mwanga, mwezi una mwanga, na kwa muda mfupi vinakaribiana. Ndiyo maana ya Jumamosi.

Kipimo chake ni ndugu wa kile cha f/16: kwa mwezi ni f/11, na kasi ya shata moja chini ya ISO. Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, alikutana na haja hii mwaka 1941 huko New Mexico, jua linazama, mwezi juu ya kijiji, na mita yake haionekani. Alikumbuka kwamba mng'ao wa mwezi ni mishumaa 250 kwa futi ya mraba, akakokotoa kutoka hapo. Yeye na mpiga picha mwenzake Fred Archer walikuwa wameshaunda, karibu miaka ya 1939 na 1940, utaratibu wa kanda za mwanga kuanzia 0 hadi X, kanda ya V ikiwa kijivu cha kati. Ninachokipenda kwenye utaratibu huo ni kwamba unauliza unataka kitu kiwe na mwanga gani kwenye picha iliyokamilika. Mita inauliza kina mwanga gani sasa.

Kuhusu ukubwa, mwezi una upana wa nusu nyuzi. Kwa lenzi ya milimita 24 unachora nukta ya kama milimita 0.2 kwenye sensa; kwa milimita 200, karibu milimita 1.8. Kwa hiyo tuliupanda mteremko wa mbali, tukaiweka safu ya miti michache ukingoni mwa kilima, tukapiga kwa 200. Mwezi hausubiri pia: unasogea upana wake mzima kwa takriban dakika mbili, na sekunde moja ya shata kwa lenzi ndefu inatosha kuulainisha. Tulipandisha ISO hadi 400 tukabaki juu ya 1/100.

Ulitokea kulia zaidi ya tulivyotazamia na ikabidi tubebe tripodi mbiombio. Mdogo wangu aliuweka mwezi kwenye makutano ya mistari ya gridi. Nilimwomba ajaribu kuuacha karibu na mti wa mwisho, ili kati ya vitu hivyo viwili kuwe na mvutano. Akajaribu, akarudia ule wa kwanza. Sawa.

Jumapili, mezani

Kuchagua kuna uchungu kuliko kupanda mlima. Kanuni yangu ni kuziangalia kwanza zikiwa ndogo kama stempu, bila rangi. Picha ambayo haieleweki ikiwa stempu ya kijivu haina mpangilio wa mwanga, na rangi zitakuwa zinaifunika tu. Nyingi zilianguka hapo, zikiwemo za maporomoko nilizoziamini.

Mdogo wangu amegundua kitelezi cha vivuli kwenye programu na anakivuta hadi mwisho kwa kila picha. Mti wa Ijumaa akauonyesha gome lake lote, pamoja na chengachenga zote za weusi uliovutwa kwa nguvu. Nikamwuliza gome linafanya nini pale. Akasema lipo, kwa nini lisionekane. Hoja nzuri, na sijakubali.

Tumeamua kuchapa tatu. Karatasi nayo ina kikomo chake: ya kung'aa inabeba takriban stopu saba kati ya nyeusi na nyeupe yake, isiyong'aa pungufu ya hapo, kwa hiyo kile alichokiokoa kwenye kompyuta kitabanwa tena. Picha ya mwezi inakwenda kwenye karatasi ya kung'aa, kwa ajili ya weusi wa miti. Ukungu wake wa Jumanne, ambao hauna weusi wa kupoteza, kwenye isiyong'aa. Ya jiwe bado tunabishana: yeye anataka kukata anga juu ili jiwe likue, mimi nasema anga ikipungua hapo ule uzi wa maji utapanda hadi katikati ya picha na kuigawa mapande mawili, na kwamba kama ni kukata tukate kushoto, penye jani. Ameichapa ya kwake ndogo, na yangu ndogo, na zote ziko ukutani hadi mmoja wetu achoke.